Maji Yatalala Wapi: Bi. Kunigunda Kapinga na Sanamu ya Ngolo

Jumatatu ya tarehe 30 Juni 2025, saa tisa na nusu alasiri, Bi. Kunigunda Kapinga, Fundi Mwashi Daraja la Kwanza, atarudisha ufunguo wa kabati lake stoo na kuwa mstaafu. Siku hiyo atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne na miezi mitano katika karakana yetu ya ujenzi hapa Mbinga. Wasifu huu wa jarida la karakana nimeombwa niuandike mimi, Safina, mtunza stoo, kwa kuwa kati ya waliobaki hakuna aliyefanya naye kazi muda mrefu kunizidi. Mkuu wa karakana, Bwana Nicholaus, ameniagiza niandike kwa lugha ya staha, nisizidishe kurasa mbili, na mambo ya sanamu nisiyaguse. Kwenye staha nitajitahidi.

Niseme mapema kwamba nina hasira, msije mkadhani nimekosea kuchagua maneno. Wasifu wa wastaafu wetu tumeuzoea. Mstaafu anaitwa hazina, anaitwa kisima cha busara, anapigiwa makofi, anapewa godoro, tunakula pilau na kila mtu anarudi kwake. Godoro la Mama Kunigunda nimeliona, liko stoo kwangu, limefungwa nailoni. Ni godoro zuri. Lakini wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, hawakusema mpeni godoro.

Alizaliwa Mbuji mwaka 1965, kwenye familia ya wakulima wa kahawa na mahindi. Aliingia hapa tarehe 1 Februari 1991 kama kibarua wa kuchota maji ya kukorogea udongo. Wakati huo wanawake kwenye saiti walikuwa wa maji na wa uji, basi. Siku ya tisa mwashi mmoja hakutokea kazini, na waliomjua walisema wasimtafute mbali, waanzie kilabuni. Msimamizi, marehemu Mzee Hyasinti, akaenda kumtafuta. Aliporudi bila mtu, alikuta ukuta wa darasa umeongezeka mistari miwili ya tofali, na mchota maji amekaa pembeni ananawa mikono. Mzee Hyasinti akateremsha timazi. Akavuta uzi. Akazunguka upande wa pili akavuta tena. Waliokuwepo wanasema hakutoa neno la sifa hata moja, alimwambia tu kesho yake atafute mtu mwingine wa kuchota maji.

Tangu hapo amejenga mpaka nimeshindwa kuhesabu. Wodi ya akina mama kule Liparamba ni mkono wake. Aliwahi kwenda huko kwa miguu nusu ya njia baada ya gari letu kukwama kwenye tope, mwiko kiunoni, kanga imefungwa juu ya gumboti, na akawakuta mafundi wenzake waliotangulia na pikipiki bado wanabishana pembe ya kuanzia. Madarasa ya Ngumbo ni yake pia. Kila akitoka Ngumbo alituletea usipa wakavu, dagaa wa Nyasa, na mgao ulikuwa sawa kwa dereva na kwa mkuu, jambo ambalo wakuu wawili walilichukia.

Ana maneno yake. Ukuta ukipinda, hasemi umepinda, anasema ukuta umeanza kusinzia. Fundi akibandika plasta nene kuficha makosa, anamwuliza kama anajenga au anaoka mkate. Vijana wanaotoka chuoni wakimwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, kisha anawakabidhi pima maji na kuwataka wamwonyeshe povu lilipo. Hiyo pima maji aliinunua mwenyewe. Ya karakana ilivunjika mwaka 2009, na mimi mtunza stoo nimeiombea mpya miaka kumi na sita. Kwenye ukuta mrefu hutumia mpira mweupe wa bomba uliojaa maji, kama mafundi wote, na husema maji hayajui cheo cha mtu, yanakwambia ukweli hapo hapo.

Sasa nafika nilipokatazwa kufika.

Agosti 2023 ofisi yetu ilipewa kazi ya heshima: kujenga sanamu ya umma kwenye kipilefti ya stendi, pale magari yanapozungukia. Haikuwa sanamu ya mtu wala ya mnyama. Msanifu kutoka Dar es Salaam, Bwana Praygod, alibuni mteremko wa matofali unaopanda kama mlima, wa urefu unaopita paa la duka, uliogawanywa miraba mia moja ishirini. Chini mawe bapa ya ufukwe wa Nyasa, katikati matofali ya kuchoma, juu udongo wenye nyasi. Nchi yetu yote ya huku katika kitu kimoja, kuanzia ziwani hadi mlimani, kwa vitu tunavyojengea nyumba zetu wenyewe. Jina lake Sanamu ya Ngolo. Wazo lilikuwa zuri, sikatai, na mpaka leo naliona zuri.

Mimi kwetu ni Mbamba Bay, babu yangu alikuja na biashara ya nguo kutoka pwani, kwa hiyo ngolo nilifundishwa ukubwani, na aliyenifundisha ni Mama Kunigunda. Wamatengo, wenyeji wa Mbinga, wanalima kwenye milima ambayo mbuzi anafikiri mara mbili kuipanda. Mvua zikielekea mwisho, wanaume wanafyeka nyasi na kuzipanga chini miraba miraba. Kisha wanawake wanachimba katikati ya kila mraba na kuufukia udongo juu ya zile nyasi. Matuta yanazunguka, katikati panabaki shimo. Maharage yanapandwa juu ya tuta. Mvua ikija, maji yanashuka shimoni, yanatulia humo, yanazama taratibu, na mlima unabaki na udongo wake. Hiyo ndiyo ngolo, na mtoto wa darasa la pili pale Mbuji anaijua.

Ramani ilipobandikwa ukutani, Mama Kunigunda alisimama mbele yake akiipitia mraba kwa mraba. Tulikuwa tumeshaanza kunywa chai. Kisha akauliza swali moja, kwa upole, kama anayeuliza chumvi iko wapi: maji yatalala wapi?

Hakuna aliyemwelewa. Akaweka kidole kwenye mraba mmoja, akasema hapa panatakiwa shimo, nyie mmechora kichuguu. Na kweli. Miraba yote mia moja ishirini ilikuwa imetuna kama maandazi kwenye sinia. Baadaye ndipo tulijua ilikuwaje. Bwana Praygod hakuwahi kufika shambani. Alitumiwa picha iliyopigwa na droni, akaitazama juu chini. Picha ya shimo ukiigeuza, kivuli kinahamia upande mwingine na shimo linaonekana limevimba. Jaribuni na simu zenu mtaona. Ni kosa la macho, linaweza kumpata yeyote, na mtu wa Dar simlaumu sana.

Ninayemlaumu ni mwingine. Bwana Nicholaus ni Mmatengo, mama yake mzazi analima ngolo mpaka leo, na ramani ile aliitia sahihi kabla ya mtu yeyote kuipinga. Mtoto aliyelelewa kwa maharage ya ngolo akaweka sahihi chini ya vichuguu. Mama Kunigunda alimwomba kitu kimoja tu, wapande Mbuji asubuhi moja, ni mwendo wa nusu siku kwenda na kurudi, aone kwa macho yake. Jibu alilopewa mbele ya mafundi kumi na wawili ni kwamba fundi kazi yake kujenga, kufikiri kuna wenyewe. Mkuu akamalizia na methali, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mama Kunigunda akaweka mwiko wake kwenye ndoo na kusema yeye vichuguu hajengi. Hakupaza sauti. Aliomba apangiwe kazi nyingine yoyote, hata kuchota maji alikoanzia.

Wiki hiyo hiyo ikatoka barua ya onyo kwa kukaidi maelekezo ya kitaalamu. Sikilizeni sasa. Barua iliandikwa kwa Bw. Kunigunda Kapinga. Bwana. Miaka thelathini na miwili mama wa watu yuko kazini, amejifungua watoto watatu akiwa mwajiriwa wetu, na ofisi inampa onyo kama mwanaume, na sahihi ya mkuu iko chini. Alipoletewa aipokee, aliisoma, akamrudishia mhudumu na kumwambia amtafute huyo Bwana, akimpata ampe salamu, waonane maana wana jina moja. Tulicheka siku nzima. Tungejua, tusingecheka, maana barua haikuchanwa. Ilitiwa kwenye faili lake, na ikakaa humo inasubiri.

Vichuguu vilijengwa na fundi Protasi na wenzake. Saruji niliitoa mimi. Nilijua Mama Kunigunda ana haki, nilikuwa nimeshaelewa habari ya maji, na nikafungua mlango wa stoo na kutoa mfuko baada ya mfuko, kimya, kwa kuwa karatasi ilikuwa na sahihi. Hasira yangu nyingine ni ya kwangu mwenyewe, naomba ijulikane.

Mvua ya kwanza ya maana ilikuja Desemba, siku ya soko, mchana kweupe. Hakuna tone lililobaki juu ya ile sanamu. Maji yaliteleza juu ya vichuguu mia moja ishirini, yakazoa udongo wote wa juu na nyasi zake, yakavuka barabara na kuingia moja kwa moja kwenye duka la vitenge la Bi. Mwanakombo. Kesho yake Bi. Mwanakombo alipanda ngazi za ofisi yetu na furushi kichwani, akaingia bila kubisha hodi, na kuvitandika vitenge vyake vyenye tope juu ya meza ya mkuu, kimoja kimoja, bila haraka, kama anayempangia mteja. Akauliza kama hiyo ndiyo sanaa waliyokuwa wakitangaziwa kwa spika, maana yeye aliambiwa italeta wageni na imemletea matope. Kwenye methali ile ya guu, mwenye guu alijulikana siku hiyo.

Bwana Praygod alifika Januari, na haki yake nampa. Hakwenda ofisini kwanza. Alimtafuta Mama Kunigunda, akamwamkia, na kumwomba ampeleke Mbuji. Walipanda wote wawili mpaka shamba la dada yake, Restituta. Msanifu akashuka ndani ya shimo moja akasimama humo, likamfika magotini, akatazama mlima wote juu na chini. Mama Kunigunda alinisimulia kwamba alicheka peke yake, kisha akatoa daftari na kuanza kuuliza maswali. Alirudi na viatu vyekundu kwa udongo na akasema mbele yetu sote kwamba alichora kitu asichokijua, na kwamba atakayesimamia ujenzi mpya ni Bi. Kunigunda. Ni maneno mepesi hayo, lakini mimi kwenye ofisi hii nilikuwa sijawahi kuyasikia.

Kazi ya kuvunja na kujenga upya ilianza Mei 2024, mvua zilipokatika. Aliifanya kama wanavyofanya shambani. Alikwenda mwenyewe Ngumbo kuchagua mawe bapa, akiyagonga kwa ubapa wa mwiko na kusikiliza, lenye sauti ya chungu kilichopasuka akaliacha. Mchanga wa ufukweni ulioandikwa kwenye ramani aliukataa, akasema ni laini mno, umesuguliwa na ziwa mpaka haushiki kitu, akataka wa mtoni. Wanaume aliwapanga wakate nyasi na kuzilaza kwenye miraba. Wanawake sita kutoka Mbuji, Restituta akiwa mbele, walijenga matuta ya udongo kwenye safu za juu. Safu za tofali na za mawe alizichukua yeye na Protasi. Kila shimo lina kokoto chini na kitundu kinachopeleka maji kwenye shimo linalofuata, hivyo maji yanashuka kwa kituo, yanapumzika, yanashuka tena, mpaka yanafika kwenye mawe ya ziwa chini kabisa, kama yanavyofanya kutoka Umatengo kwenda Nyasa. Protasi alimwomba radhi kwa vile vichuguu. Alimjibu kwamba radhi amwombe nyundo, maana ndiyo iliyochoka kuvivunja.

Mmeiona wenyewe. Mvua za msimu huu zimepita na duka la Bi. Mwanakombo ni kavu. Machi mtu, hatumjui, alipanda maharage kwenye matuta ya juu na yakaota. Wageni wanapiga picha. Wanafunzi wanaletwa. Watu wa kahawa wakishuka stendi wanasimama na kuhesabu mashimo, na mzee mmoja wa Mbuji alikaa kwenye ukingo akiangalia mvua ikijaza shimo la kwanza hadi la mwisho, akalikosa basi lake.

Uzinduzi ulifanyika Oktoba mwaka jana. Liko jiwe la marumaru, someni. Lina jina la mgeni rasmi. Lina jina la msanifu, na jina la mkuu wa karakana aliyetia sahihi vichuguu. Lina jina la mwuza saruji na la mwenye kukodisha maturubai. Jina la Kunigunda Kapinga halipo. Bwana Praygod aliliandika la pili kwenye orodha yake, karatasi nimeiona, limekatwa kwa mstari wa kalamu ya bluu. Nilipouliza sababu nikaambiwa mtumishi mwenye onyo kwenye faili hawezi kuwekwa kwenye jiwe la umma. Onyo lipi? Lile la Bwana. Mtu ambaye hayupo duniani alipewa onyo, na mtu aliyepo akanyang'anywa jina lake kwa sababu hiyo. Mpaka leo kuna siku natamani kuitoa ile barua kwenye faili na kuila.

Na mnajua nani alitumwa kulipachika lile jiwe? Ni yeye. Walisema hakuna mwingine wa kulinyoosha. Nilikuwa hapo, nilimpelekea saruji. Alilisoma lote, toka juu mpaka kwenye maturubai, midomo ikitembea. Kisha akaliinua na Protasi, akaliweka, akaweka pima maji yake juu, akaligonga kidogo kushoto mpaka povu likasimama katikati. Wengine wangeliacha limepinda, na mimi ningekuwa wa kwanza. Nilipomwambia hivyo alinijibu kwamba jiwe halina kosa.

Lakini nikaona kitu, maana jicho la stoo halisahau kilichotumika. Chini ya marumaru kuna tofali moja alilolilaza kwa udongo mtupu, bila saruji. Fundi Daraja la Kwanza, mtu anayewafokea vijana kwa kiungo kilichokaukiwa. Nilimwuliza kama amesahau. Alikuwa anafuta mwiko, hakuniangalia. Alisema tofali lisilotiwa saruji ni tofali linalosubiri. Kisha akatia mwiko kwenye ndoo na kwenda zake.

Limesubiri miezi minane. Imetosha.

Kwa hiyo tumefanya hivi. Protasi amefinyanga tofali jipya la kukaa mahali pa lile, kwa udongo wa Mbuji, Restituta amelichoma kwenye tanuri lao, na limetoka jekundu, halina ufa. Limechongwa maneno haya: IMEJENGWA NA BI. KUNIGUNDA KAPINGA, FUNDI. Bwana Praygod ameandika barua ya kuliunga mkono, na kesho yake Bi. Mwanakombo akaleta kitenge cha kulifunikia. Kwenye ratiba ya sherehe, kipengele cha saba, baada ya nasaha na kabla ya chakula, imeandikwa: Mstaafu kukamilisha kazi iliyobaki, kipilefti ya stendi. Ratiba imepitishwa na Bwana Nicholaus na sahihi yake iko chini, wino wa bluu. Jarida hili nalo limepitishwa na sahihi iko ukurasa wa kwanza. Mkuu wetu hutia sahihi kila kitu bila kusoma, na kwa mara ya kwanza tabia hiyo imemfaa Mama Kunigunda. Kama amesoma hadi hapa, basi nampongeza, na namwomba siku hiyo aje na ile barua ya yule Bwana ili tuichane pamoja.

Mama Kunigunda, wenzako wa karakana tunakushukuru kwa kuta ambazo hazikusinzia, kwa usipa, kwa vicheko, na kwa kutuuliza maji yatalala wapi siku ambayo sote tulikuwa tunakunywa chai. Nenda Mbuji kapumzike. Kahawa yako izae, magoti yasikusumbue, wajukuu wakuchotee maji wewe sasa. Tunakuombea miaka mirefu yenye afya na mvua ya kiasi.

Jumatatu usisahau mwiko na pima maji. Mfuko wa saruji nimeshautoa stoo na uko mlangoni. Kwenye kitabu, mahali pa jina la fundi, nimeandika Bi. Kunigunda Kapinga, kwa herufi kubwa, na hiyo Bi. nimeipigia mstari mara mbili.